Milimita Kumi na Nne

Jumanne, 4 Novemba

Fundi Friji,

Umeona Mzee wa Rada alivyoandika leo kwenye kundi letu la Wachungulia Mawingu? "Bahari imelala fofofo." Basi, hayo tu, na watu ishirini wakamwekea alama ya kucheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa juu ya winchi yangu, mita arobaini kutoka sakafu ya bandari, kontena linaning'inia kwenye kamba, na kipima upepo mbele ya uso wangu kinasoma nne. Jana tano. Juzi nne.

Mwaka jana wakati kama huu tulikuwa tumeshashushwa mara sita. Upepo ukifika mita ishirini kwa sekunde king'ora kinalia, tunafunga vyuma, tunashuka, na hakuna wa kukuuliza unakwenda wapi. Mwaka huu msimu wa tufani umefika nusu na hakuna hata moja iliyozaliwa. Kila nikiamka nafungua ramani ya mawingu kabla sijanawa uso. Bahari tupu, kama meza iliyofutwa.

Najua si vizuri kuitamani tufani. Watu wana mapaa, wana watoto. Lakini roho haitulii. Naona kama nangoja mtu aliyesema yuko njiani na simu yake haipatikani.

Wachungulia Mawingu tunapungua. Mwaka juzi tulikuwa mia tatu, leo nimehesabu walioandika chochote wiki hii, kumi na saba. Wewe usinikimbie. Miaka miwili tunaandikiana pembeni na sijui hata sura yako, lakini nikiona barua yako siku inakwenda.

Huko kwako vipi? Kwetu nyumbani ni upande wako huo, mwendo wa siku tano kwa miguu ukifuata ng'ombe. Siku hizi siendi.

Winchi


Alhamisi, 6 Novemba

Dada Winchi,

Leo ni sifuri ya mia moja na kumi na moja.

Nimepanda darini saa moja asubuhi kama kawaida. Kipimamvua kilikuwa na nzi mmoja aliyekufa, mkavu. Nikamtoa, nikafuta chupa kwa shati, nikaandika sifuri. Kushuka ngazi nakutana na jirani wa chini, yule mshonaji. "Vipi fundi, leo umetuletea nini?" Kila siku swali hilo hilo, utadhani mvua imeletwa kwangu kwa matengenezo na mimi nimeikalia.

Kazi zipo, tena nyingi. Joto hili linaua friji kama kuku. Jana nimefungua friza ya duka la nyama, kompresa imeungua, mwenye duka amekaa juu ya ndoo anaitazama kama anatazama mgonjwa. Kiwanda cha barafu nako wananiita kila kukicha. Nafanya kazi, narudi, naoga kwa kopo moja, natazama juu. Mawingu yanakuja mchana, meupe, yamenona, yanapita. Mke wangu anasema nimeanza kusaga meno nikiwa macho.

Halafu Mzee wa Rada kaniandikia jana. Kwa upole, lakini kaniandikia. Anasema vituo visivyo na kitu "vipumzishwe" kwenye jedwali lake la mvua mpaka mvua irudi, ili jedwali lisichoshe watu. Miaka sita sijakosa asubuhi hata moja, dada. Hata siku ya kuzaliwa binti yangu nilipanda dari kwanza. Sasa nipumzishwe.

Sijui kwa nini limenichoma hivyo.

Friji


Jumapili, 9 Novemba

FUNDI!

Kumi na nne! Milimita kumi na nne na hukuniambia mimi kwanza! Nimeliona kundini nikiwa kwenye foleni ya mkate, nikapiga kelele, mtu wa mbele yangu akageuka akidhani nimeibiwa.

Umeona pongezi? Nimehesabu arobaini na tatu. Watu ambao hawajaandika tangu mwezi wa sita wamefufuka. Mzee wa Rada ameandika "Bara limeamka" kwa herufi zote kubwa.

Niambie kila kitu. Ilianza saa ngapi? Ilikuja na upepo? Ilinukiaje? Bonde la chini ya mji wenu limeshika maji? Nasikia zamani mvua ya kwanza ikigusa pale, nyasi zinachipua ndani ya wiki.

Andika haraka.

Winchi


Jumatatu, 10 Novemba

Dada,

Nashukuru kwa pongezi. Ilikuwa mvua ya kupita tu, alfajiri. Huenda ni ya mtaa mmoja. Bondeni sijafika, kazi zimenibana.

Nitakuandikia vizuri nikitulia.

Friji


Jumatano, 12 Novemba, saa tano asubuhi

Fundi yangu,

Barua yako ilikuwa fupi kama risiti, lakini leo nimekusamehe kwa sababu nina furaha.

Nina kaka. Sijawahi kukutajia. Ndiye aliyebaki na ng'ombe wa baba huko nyumbani, thelathini na mmoja waliobaki, na tangu mwezi wa nane anakata matawi kuwalisha. Jumapili ile ile nilimtumia ujumbe. Nikamwambia mvua imenyesha huko mjini kwako, kumi na nne kamili, imepimwa na mtu ninayemwamini, apeleke wanyama kwenye bonde. Sikutegemea ajibu. Leo asubuhi ndiyo jibu limeingia, lilitumwa jana akiwa kwenye mnara wa mwisho wa simu: "Tumetoka leo." Maneno mawili. Hujui maneno hayo mawili yana uzito gani kwangu.

Kwa hiyo atafika kwenu Jumamosi au Jumapili. Njiani hakuna mtandao wala umeme, simu yake itakuwa imezimika. Ukimwona mtu mrefu aliyevaa koti zito la kijani kwenye jua hili, ndiye huyo. Ni koti la baba. Mwonyeshe bonde.

Nakushukuru sana. Hujui umefanya nini.

Winchi


Jumatano, 12 Novemba, saa saba mchana

Dada,

Mvua haikunyesha.

Nimeiandika sentensi hiyo mara nne na kuifuta mara tatu. Haikunyesha. Jumapili nilipanda dari, chupa ilikuwa kavu kama siku zote, mbingu nyeupe. Nikasimama na simu mkononi, sifuri ya mia moja na kumi na nne, na chini mshonaji ameshatoa kiti chake ananingoja. Nikaandika kumi na nne. Sijui hata namba ilitoka wapi, labda ni ule mkia wa mia moja na kumi na nne. Nilijiambia nitafuta baada ya dakika tano.

Baada ya dakika tano pongezi zilikuwa kumi. Watu wakauliza, watu wakacheka, watu wakaandika "tuombee na sisi". Nikajisikia kama mimi ndiye niliyeinyesha. Saa moja nzima sikusaga meno. Kisha nikaona haya, na haya ikawa nzito kuliko kufuta.

Sikujua kuna mtu anayeweza kufunga safari kwa namba yangu. Nilidhani tunacheza tu, watu wa mawingu.

Bonde ni vumbi. Kisima cha katikati ya njia kimekauka tangu mwezi wa tisa. Naondoka sasa hivi na gari la kazi kwenda kuwatafuta.

Friji


Jumatano, 12 Novemba

Thelathini na mmoja.

Miaka sita hukukosa asubuhi, ukaja kukosa hii.

Usiniandikie mpaka uwe umemwona kaka yangu kwa macho yako. Na ukimwona, umwambie mwenyewe, kwa mdomo wako. Usinisingizie mimi, usisingizie chombo.

W.


Ijumaa, 14 Novemba

Dada,

Umesema nisiandike mpaka nimwone. Sijamwona. Naandika hata hivyo, kwa sababu una haki ya kujua ninachofanya.

Jumatano nilikwenda mpaka barabara ilipokwisha, na mbele kidogo. Njia za ng'ombe pale zinagawanyika kama nywele. Nikapiga honi, nikapanda juu ya gari, nikatazama mpaka macho yakauma. Vumbi tu. Jana nimerudia, nikiwa na mapipa mawili ya maji nyuma. Mtu mmoja wa mkaa akaniambia aliona mifugo mbali, upande jua linapozama, ikienda polepole. Nikafuata huko, gurudumu likazama kwenye mchanga, nikachimba kwa mikono mchana kutwa. Nikaona nikiendelea hivi nitakuwa wa pili kutafutwa. Nikarudi kuandaa huku.

Kiwanda cha barafu wana kisima kirefu. Maji yanapita kwenye mashine kuzipoza, kisha yanamwagwa mtaroni, kila siku, yakiwa masafi ila ya moto kidogo. Nimeyaona miaka mingi na sikuwahi kuyafikiria. Leo asubuhi nikaingia kwa meneja.

"Nataka maji ya mtaroni."

"Ya nini?"

"Ya ng'ombe thelathini na mmoja."

Akavua miwani. "Fundi, hapa ni kiwanda. Si zizi."

Nikamweleza. Yote, pamoja na uongo wangu. Dada, sijawahi kuona mtu akinitazama vile. Mwisho akasema, "Kompresa namba mbili uliniambia Jumatatu."

"Nitaimaliza leo."

"Na mavi yao?"

"Nitazoa mwenyewe."

Basi ndiyo hivyo. Uwani kuna matangi manne ya zamani ya kugandishia barafu, nimeyasugua kutu, nimeunga bomba kutoka kwenye mashine. Maji yakikaa saa mbili yanapoa. Mshonaji amezungumza na shemeji yake wa mashine ya kusaga, ameleta pumba magunia sita. Hakuniuliza chochote, jambo ambalo ni baya zaidi.

Kundini nimeandika ukweli. Mzee wa Rada hajajibu. Jina la kituo changu limeondolewa.

Kesho alfajiri natoka tena.

Friji


Jumatatu, 17 Novemba

Dada Winchi,

Nimemwona.

Nilimkuta jana saa tatu asubuhi, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka mjini. Koti la kijani ndilo nililoliona kwanza. Alikuwa mbele, fimbo mabegani, na nyuma yake wanyama wamejipanga mstari mmoja, vichwa chini, hakuna anayelia. Nilihesabu nikiwa bado nimeshika usukani. Ishirini na wawili. Nikahesabu tena nikitumaini wengine wako nyuma ya kilima.

Nikashusha mapipa. Hakuniuliza mimi nani. Alinywesha ng'ombe kwanza, mmoja mmoja, kwa beseni, akiwashika masikio wasisukumane. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na yeye ndiye aliyekunywa wa mwisho. Ndipo akaketi kivulini mwa gari, nami nikaketi.

Nikamwambia, "Mimi ndiye fundi anayepima mvua. Ile mvua haikunyesha. Niliiandika tu."

Nilisikia injini ikipoa, tik, tik.

"Najua," akasema.

"Umejuaje?"

"Siku ya pili nilivuka korongo. Korongo lile mvua ikinyesha kwenu huwa na tope. Lilikuwa na mijusi. Nikajua hapa hakuna kitu."

"Sasa mbona hukurudi?"

"Nyuma nilikoacha kulikuwa na nini?" Akafikicha macho. "Halafu sikuja kwa ajili ya mvua peke yake. Dada yangu hajaniandikia miaka minne. Akaniandikia, akasema nenda pale. Nikaenda."

Hukuniambia hilo, dada. Sikulaumu, nani mimi wa kukulaumu. Nasema tu kwamba nilipigwa na butwaa.

Tisa wamebaki njiani. Akanitajia kila mmoja kwa rangi yake na mahali alipolala. Nikamwomba msamaha.

"Sijakusamehe," akasema. "Nikikusamehe nitakwambia. Sasa nionyeshe maji."

Tukaingia nao mjini saa kumi, katikati ya barabara, magari yamesimama. Wafanyakazi wa kiwanda walitoka wote. Ng'ombe mweupe mwenye pembe moja iliyopinda alitumbukiza uso mzima kwenye tangi mpaka machoni, akakaa hivyo, nikadhani anazama. Kaka yako akacheka. Sauti kavu, fupi, lakini alicheka.

Yuko kwenye chumba cha walinzi. Anakula. Anakuulizia bila kukuulizia: "Hiyo winchi ni kubwa kiasi gani?" "Huko juu kuna choo?" Nimemjibu nilichojua.

Friji


Jumatano, 19 Novemba

Fundi,

Nimesoma barua yako nikiwa juu, nikasahau kontena hewani mpaka wakanipigia redio.

Sasa na mimi nikuambie, kwa sababu umenishinda kwa kusema kweli na sipendi kushindwa.

Baba alikufa miaka minne iliyopita, mwezi kama huu. Nilikuwa mgeni kazini, mwanamke peke yangu kwenye mashine zile, na kuna waliokuwa wakingoja niharibu. Meli tatu zilikuwa zimefunga. Nikaomba ruhusa, msimamizi wa zamu akasema, "Hakuna wa kukupokea. Labda upepo ukushushe." Alikuwa anatania. Mimi nikaushika utani ule kama ahadi. Siku ya mazishi nilikaa kule juu tangu asubuhi macho kwenye kipima upepo. Kumi na nne. Kumi na sita. Saa nane mchana ikafika kumi na saba. Tatu tu, fundi. Tatu tu ningeshuka, ningepanda gari, ningefika hata kama ni kukuta kaburi limeshafukiwa. Nikaomba kwa sauti. Kisha ikarudi kumi na mbili, ikarudi nane, na baba akazikwa.

Jioni kaka akapiga. Sikuweza kumweleza habari ya upepo, ingekuwa kama kichekesho. Nikasema, "Kazi ilinibana." Akasema, "Basi kaa huko huko na vyuma vyako." Nikakaa.

Ndipo nilipojiunga na kundi. Watu wanadhani napenda tufani. Mimi nilikuwa natafuta ile tatu iliyopungua.

Kwa hiyo Jumapili ile, nilipoona kumi na nne zako, sikumfikiria ng'ombe hata mmoja kwanza. Nilifikiri: nimepata sababu ya kumwandikia. Ningeweza kukuuliza mara ya pili, barua yako ya Jumatatu ilikuwa na kitu, niliiona. Sikuuliza kwa sababu sikutaka kusikia. Katika wale tisa, wako wangu.

Msomee kaka barua hii. Yote, hata pale pa kumi na saba.

Winchi


Jumamosi, 22 Novemba

Dada yangu,

Barua hii naisema mimi kaka yako, anaandika huyu fundi. Nimemwambia asiongeze neno lake hata moja. Ameapa. Nimemwambia viapo vyake tunavijua.

Amenisomea. Nikamwambia asome tena pale pa upepo. Mimi sikujua mashine ile ina sheria hizo. Nilidhani unapanda unapotaka na kushuka unapotaka, na siku ile hukutaka. Ungeniambia. Ningecheka labda, halafu ningelia.

Maneno yale niliyasema udongo ukiwa bado mikononi. Nilikuwa nimechimba mwenyewe tangu alfajiri, na kila gari lililopita nilisimama kutazama. Nilikuwekea nafasi upande wa kichwa. Watu wakataka kusimama pale, nikawaambia hapana, kuna mtu anakuja.

Tisa wamekwenda. Sitasema si kitu. Wawili niliwaacha wakiwa bado wanapumua, na hilo linanikera hata sasa nikila. Mweupe wa baba amefika, ila mguu wa nyuma umevimba. Meneja wa hapa anakuja kila asubuhi na tai yake kumtazama, anasema ni kwa ajili ya usafi. Jana nimemkuta anamkuna shingo.

Huyu fundi anazoa mavi vizuri. Hana mwendo wa mtu aliyewahi kuzoa, lakini anazoa.

Mvua bado. Sijui tutakaa hapa mpaka lini. Sikuiti. Una kazi. Nasema tu tulipo, ili ujue.

Kaka yako


Jumanne, 25 Novemba, saa nne asubuhi

Fundi,

Jana saa tano nilifunga vyuma. Msimamizi akaita redioni, "Winchi namba tatu, upepo ni mita tatu tu, unashukaje?"

"Kwa ngazi," nikamjibu.

Nimesafiri tangu hapo na sijui nikirudi nitakuta kazi au barua ya kufukuzwa.

Niko nje ya geti la kiwanda. Mlinzi ananiuliza kama nimekuja kununua barafu. Nimemwambia namngoja fundi. Kati ya nondo naona ua, naona matangi, naona ng'ombe wengine siwajui kabisa, wamezaliwa nikiwa sipo. Na kule mwisho kuna mtu ameinama anaosha mguu wa mweupe, koti la baba limemwangukia mabegani. Alikuwa mnene kaka yangu. Hakuwa hivi.

Njoo unifungulie, lakini taratibu. Usimwite. Acha nimtazame kidogo kabla hajageuka.

Winchi